Ulikwenda kwa mnasihi mara mbili ukaacha? Mwongozo kamili wa kunufaika na tiba ya mazungumzo ukiwa Mwanza

Wengi huanza vizuri. Wanajikaza, wanapanda kilima cha Bugando au wanaingia kituo cha afya cha jirani, wanakaa mbele ya mtaalamu, wanazungumza na kurudi nyumbani. Kikao cha pili wanakwenda kwa kusitasita. Cha tatu hawaonekani. Ukiwauliza, jibu ni lilelile: "Tumeongea tu, hakunipa kitu."

Tiba ya mazungumzo ina kazi ya kufanywa nyumbani, kati ya kikao na kikao. Asiyeifanya hupata nafuu ya siku moja, ile ya kutua mzigo, kisha mambo yanarudi palepale. Hatua zote hapa chini zimepangwa kuelekea kwenye kazi hiyo.

## Kabla ya yote: hali zisizosubiri kikao

Nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu leo hii, mchana au usiku, ikiwa wewe au mtu wako:

- anafikiria kujiua, hasa kama ameshapanga namna ya kufanya;
- anasikia sauti wasizosikia wengine, au anaamini mambo yasiyokuwepo na hashauriki;
- amejifungua karibuni na amechanganyikiwa, halali kabisa, au anasema maneno ya kutisha kuhusu mtoto;
- ameacha pombe ghafla baada ya kunywa kila siku, na sasa anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu au amepata degedege.

Mtu anayetaka kujiua usimwache peke yake. Muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpa upenyo wa kusema. Kisha ondoa nyumbani sumu ya panya, vidonge vilivyobaki na dawa za kunyunyizia pamba. Kwenye nyumba nyingi za Kwimba, Magu na Misungwi dawa hizo hukaa uvunguni. Zipeleke kwa jirani unayemwamini, maana kuzihamishia chumba cha pili hakusaidii. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu. Simu inafaa kwa kengele ya kukumbusha, lakini maandishi ya simu husomwa na kila anayeazima simu.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za uzazi wa mpango, za presha, ARV, na mitishamba. Hasa mitishamba, kwa sababu baadhi hugongana na dawa za hospitali, na watu huificha.
- Kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, na barua ya rufaa kama unakwenda hospitali ya mkoa au ya kanda. Kwa bima, ukiruka ngazi bila barua unaweza kurudishwa dirishani.
- Nauli ya safari nne, itengwe pembeni sasa. Wengi hukatisha kikao cha tatu kwa kukosa nauli, kisha huona aibu kurudi.
- Mtu mmoja anayejua unakwenda wapi. Mmoja anatosha; ukoo mzima ukijua, kila mmoja atakuletea dawa yake.

## Hatua ya 1: Jua unachopambana nacho

Huku kwetu mgonjwa wa sonona ni nadra kusema "nina huzuni". Husema mwili unawaka moto, kichwa kizito, moyo unaenda mbio, mgongo unachoma, hana nguvu. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila yasipofuatana na maelezo mengine humpeleka mtu kwenye dawa za malaria mara tatu ndani ya miezi miwili.

Sonona. Hali ya chini, au kukosa hamu na mambo uliyokuwa unayapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi. Hufuatana na usingizi kuharibika, chakula kutopanda au kula kupita kiasi, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili, na mawazo ya kifo. Wanaume wengi huionyesha kwa hasira na pombe.

Wasiwasi uliopitiliza. Mawazo ya "itakuwaje" yanayohama kutoka ada ya shule kwenda afya ya mtoto kwenda kodi ya nyumba, siku nyingi, kwa miezi. Misuli inakaza, tumbo linavurugika, usingizi hauji.

Shambulio la hofu. Moyo unapiga kwa nguvu, pumzi inakatika, mikono inakufa ganzi, unaona unakufa. Hupanda na kufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka.

Kiwewe. Baada ya ajali, kupigwa, kubakwa au kushuhudia kifo, tukio linajirudia kwenye ndoto na fikra, unakwepa kila kinachokumbusha, unashtuka kwa jambo dogo. Ikizidi mwezi mmoja, inahitaji tiba. Ukanda huu umeona MV Bukoba ikizama mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na hofu ya maji si ajabu kwa walioguswa na ajali kama hizo, hata kama riziki yao iko ziwani.

Huzuni baada ya kujifungua. Machozi ya wiki ya kwanza ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, au mama hana hisia yoyote kwa mtoto, asiambiwe "utazoea". Aseme kliniki siku ya kumpima mtoto.

*Umefaulu hatua hii* ukiweza kuandika sentensi moja: "Tangu mwezi wa nne silali zaidi ya saa 4 kwa usiku, nimeacha kwenda kwaya, na ninamfokea mke wangu." Sentensi ya namna hiyo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi. "Sijisikii vizuri" haimpi pa kuanzia.

## Hatua ya 2: Toa magonjwa ya mwili njiani

Omba kwenye zahanati au kituo cha afya vipimo vya wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na malaria. Kama umekonda, unatetemeka na huvumilii joto, au unanenepa na kusikia baridi muda wote, uliza kuhusu tezi ya shingo.

Kwa wanaoishi kando ya ziwa, taja pia kichocho. Anayeoga, kufua au kuvua kwenye maji yenye vimelea anaweza kukaa na kichocho muda mrefu, akapungukiwa damu na kuchoka kiasi cha kudhaniwa ana sonona. Na kama unatumia ARV na ndoto mbaya zilianza baada ya kubadilishiwa dawa, sema. Zipo zinazoleta hali hiyo, na hubadilishwa. Usiziache mwenyewe.

Onyo: vipimo vikirudi safi, usivirudie kila wiki kwenye maabara tofauti. Mwenye wasiwasi hutulia siku mbili baada ya majibu, kisha hutafuta kipimo kingine, na mzunguko huo wenyewe hulisha ugonjwa.

## Hatua ya 3: Andika kwa siku 7

Kwa wiki moja kabla ya kikao, kila jioni jaza mistari mitatu au minne: saa, kilichotokea, ulichohisi na ukubwa wake kuanzia 0 hadi 10, ulichofanya baada ya hapo. Mfano: "Saa 2 usiku. Simu ya mwenye nyumba. Hofu 8. Nilizima simu nikalala bila kula."

Safu ya mwisho ndiyo yenye dhahabu. Kuzima simu, kukaa kitandani, kunywa, kukwepa watu: vyote hushusha hofu kwa saa chache na kuiongeza kesho yake. Mtaalamu ataanzia hapo.

Wavuvi wa dagaa na wengine wanaofanya kazi usiku wasihesabu usingizi kwa "usiku". Hesabu saa zote ulizolala ndani ya saa 24, hata kama ulilala mchana. La sivyo utaandikiwa kukosa usingizi ambako hakupo.

Uliza pia kama kituo kina dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 ni sababu ya kutosha kuonana na mtaalamu. Andika alama yako kwenye jalada la daftari pamoja na tarehe, kwa sababu utaihitaji baadaye. Swali la tisa linahusu mawazo ya kifo. Jibu lolote lisilo 0, liseme siku hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Chagua mtu na wakati

Daktari wa afya ya akili huchunguza, huandika dawa na hulaza. Mtaalamu wa saikolojia au mnasihi hufanya vikao. Afisa ustawi wa jamii husaidia penye ukatili, matunzo ya watoto, msamaha wa gharama. Mara nyingi utahitaji wawili kati yao.

Kwa mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure na hospitali ya kanda ya Bugando ndizo zinazopokea rufaa. Kwa aliyeko Sengerema, Magu au Ukerewe, anza hospitali ya wilaya: uliza kitengo cha afya ya akili, na siku zake za kliniki. Usifunge safari kabla ya kujua siku. Daraja la Kigongo–Busisi limewapunguzia watu wa Sengerema usumbufu wa kivuko, lakini halijafungua mlango wa kliniki siku isiyo yake.

Ukimpigia mtaalamu binafsi, uliza haya kabla ya kulipa: umesomea nini na wapi? Unatibu tatizo langu kwa njia gani? Kikao ni dakika ngapi na ni kiasi gani? Nikikosa kikao inakuwaje? Anayekasirikia maswali hayo, mshukuru ukate simu.

Panga vikao kwa kalenda ya maisha yako. Anayevua dagaa hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa, hivyo aombe vikao viwili ndani ya mapumziko hayo na kimoja cha simu katikati. Muuza samaki wa Mwaloni Kirumba asichukue saa 2 asubuhi, atakuja na akili iliyobaki sokoni. Anayeogopa kuonekana achague kituo kilicho mtaa mwingine. Wa Igoma anaweza kwenda Nyegezi, na nauli ya ziada ni rahisi kuliko maneno.

Kuhusu mchungaji, shehe na mganga: sala na faraja hazizuii tiba, na mtaalamu mzuri hatakukataza. Ila kama unaambiwa uache dawa, ufunge kula ukiwa dhaifu, au mgonjwa anafungwa kamba, muondoe hapo.

## Hatua ya 5: Kikao cha kwanza

Fika dakika 30 kabla, kwa ajili ya faili na malipo. Ukiingia, soma sentensi yako ya hatua ya 1 kutoka kwenye daftari. Hakuna aibu kusoma; koo hukauka na nusu ya mambo hupotea.

Utaulizwa kuhusu familia, pombe, bangi, ugonjwa wa akili kwenye ukoo, mawazo ya kifo, ndoa na tendo la ndoa. Pombe itaje kwa kipimo halisi, "chupa nne kila siku" au "gongo robo lita jioni". Ukipunguza nusu, utapewa mpango wa mtu mwingine.

Siri hutunzwa, na ina mipaka. Mtaalamu anaweza kulazimika kuzungumza ukiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, au mtoto akiwa anadhulumiwa. Muulize mipaka hiyo mwanzoni ili ujue umekaa wapi. Ndugu aliyekusindikiza akae nje. Akiitwa, iwe kwa ridhaa yako na kwa dakika za mwisho.

Kabla ya kuondoka, hakikisha mna vitu vitatu: lengo linaloonekana kwa macho ("kurudi gengeni siku 4 kwa wiki", wala si "kuwa na furaha"), idadi ya vikao vya kujaribu (6 hadi 8 kwa kuanzia ni kiasi cha kawaida), na kazi ya wiki. Asipokupa kazi, iombe.

Usishangae kama usiku huo utajisikia vibaya zaidi. Yaliyofukuliwa huuma kidogo. Yakipita siku tatu bila kupungua, mpigie.

## Hatua ya 6: Kazi ya kati ya vikao

Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Kazi utakayopewa hutegemea tatizo.

### Kwa sonona: tenda kwanza, hamu itafuata

Sonona hula hamu. Ukingoja hamu irudi ndipo uamke, utangoja sana. Kwa hiyo panga vitendo vitatu kwa siku: kimoja cha lazima, kimoja kinachokukutanisha na mtu, kimoja ulichokuwa unakipenda. Kila kimoja kiwe kidogo kupita kiasi na kiwe na saa yake. "Kufua" ni kikubwa mno. "Kufua mashati mawili saa 3 asubuhi" kinafanyika. "Kutembea hadi ziwani na kurudi, dakika 15, saa 11 jioni" ni bora kuliko "mazoezi".

Andika alama ya hali yako kabla na baada. Usitafute furaha, ikitoka 2 ikafika 3, imefanya kazi.

Kosa la kawaida ni kufanya mambo kumi siku unayojisikia nafuu, kisha kuanguka siku mbili. Shikilia matatu yaleyale siku nzuri na siku mbaya. Kufikia mwisho wa wiki ya pili, ukiwa umetimiza theluthi mbili ya uliyopanga, hata bila raha, uko njiani.

### Kwa hofu: panda ngazi, usiruke

Chukua mtu anayeogopa kuvuka maji. Pamoja na mtaalamu, anaandika ngazi na kuipa kila daraja alama ya hofu:

1. Kutazama picha za kivuko, dakika 10 (hofu 3).
2. Kukaa gati la Kamanga akiangalia watu wanapanda, dakika 30 (4).
3. Kurudia akiwa karibu na maji, bila kuchezea simu (5).
4. Kuvuka na mtu anayemwamini, siku tulivu (7).
5. Kuvuka peke yake (9).

Kila daraja hurudiwa mara kadhaa ndani ya wiki, na sharti ni moja: usiondoke hofu ikiwa juu. Kaa mpaka ishuke karibu nusu. Ukiondoka kileleni, akili inaandika kwamba kukimbia ndiko kulikookoa. Ukikaa, inaona hofu ikishuka yenyewe na ajali isitokee.

Wanaofeli hapa mara nyingi wamemeza diazepamu (dawa ya kutuliza) au kupiga chupa mbili kwanza. Sifa yote inakwenda kwa kidonge, na ubongo haujifunzi chochote. Na kujikinga na hatari ya kweli ni jambo jingine: boya la kuokolea vaa, na ziwa likichafuka usivuke.

Kwa kiwewe kizito usitengeneze ngazi hii peke yako. Kasi yake hupangwa na mtaalamu.

Shambulio la hofu likikushika ndani ya daladala, usishuke kama unaweza. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, endelea dakika chache. Tofauti yake na moyo: maumivu ya kifua mapya, yanayokuja unapofanya kazi nzito au kusambaa mkono na taya, hayo ni ya hospitali kwanza.

### Kwa mawazo yasiyokoma: yape saa yao

Tenga dakika 20 saa 11 jioni, mbali na kitanda. Wazo likija saa 4 asubuhi, liandike neno moja na uliahirishe. Saa ikifika, ligawe: lina hatua ninayoweza kuchukua ndani ya wiki hii? Kama lina, andika hatua, siku na mtu wa kumpigia. Kama halina, lifute kwa mstari. Wiki ya kwanza utaona ni upuuzi, maana mawazo yatakaidi. Ya pili au ya tatu huanza kutii.

## Hatua ya 7: Dawa, kama umeandikiwa

Fluoksetini na amitriptilini ni dawa za sonona. Fluoksetini kwa kawaida humezwa asubuhi na huweza kuleta kichefuchefu siku za mwanzo. Amitriptilini huleta usingizi, kinywa kukauka na choo kigumu, na ikizidishwa ni hatari kwa moyo, hivyo kwa mwenye mawazo ya kujiua ndugu aitunze na kumpa dozi kwa dozi.

Dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonekana, na madhara madogo hutangulia faida. Ndiyo maana watu huacha siku ya sita. Ukipona, endelea kwa miezi utakayoelekezwa, mara nyingi 6 au zaidi, na uache kwa kupunguza chini ya daktari. Diazepamu ni ya siku chache. Ikifika wiki kadhaa mwili huizoea na kuidai.

## Hatua ya 8: Pima kikao cha nne

Jaza tena dodoso. Alama 5 pungufu ni mabadiliko ya maana. Zikishuka mbili tu lakini umerudi kazini, bado kuna mwelekeo.

Zisiposonga kabisa, usitoweke. Sema: "Nimefanya kazi ulizonipa wiki tatu, sioni tofauti. Tubadilishe nini?" Sababu huwa chache: kazi haikufanyika, pombe bado ipo, utambuzi haukuwa sahihi, kuna ukatili unaoendelea nyumbani, au dawa inahitajika. Mazungumzo peke yake hayamtibu mwanamke anayerudi kupigwa kila jioni. Usalama wake unatangulia, na dawati la jinsia la polisi na ustawi wa jamii huingia hapo.

Ondoka mara moja kwa mtaalamu anayekutongoza, anayekukopa, anayekuuzia biashara, au anayekusimulia siri za wateja wengine. Huyo akikuhadithia ya mwenzio, ya kwako yako safarini.

## Hatua ya 9: Kumaliza bila kuanguka

Malengo yakitimia, vikao hutanuliwa: kila wiki 2, kisha kila mwezi. Katika kikao cha mwisho andika kadi yenye dalili zako mbili za mwanzo kabisa (kwa wengi ni usingizi kukatika alfajiri na kuacha kupokea simu), vitendo vitatu vilivyokusaidia, na namba ya kituo. Nakala moja mpe mwenza au rafiki, na umruhusu kukuambia akiziona kabla yako.

Dalili hizo zikirudi, rudia vitendo vyako siku hiyohiyo. Zikifika wiki 2, omba kikao. Wa visiwani wapige simu kabla ya mwezi kuingia gizani, kwa sababu kambi ya uvuvi ikishaanza kazi, nafasi ya kuja mjini huwa mpaka mbalamwezi ijayo.